Sauti ya Celes ni Ipi? Viraka vya Mashabiki na Muziki wa Final Fantasy VI

Utangulizi

Muhula uliopita nilisimama mbele ya semina, karatasi tano mkononi na kifua mbele, kuwasilisha uhakiki wa onyesho la opera lililomo katika gemu ya Final Fantasy VI. Hoja yangu kuu ilikuwa kwamba mtunzi wa muziki wake, Nobuo Uematsu wa Japani, aliamua kwa makusudi kumwimbisha mhusika wake kwa Kiitalia, ili mchezaji asiyeijua lugha hiyo ajione mgeni, kama vile mhusika mwenyewe alivyo mgeni pale jukwaani. Nilidhani nimeua ndovu kwa ubua. Nilipomaliza, kijana mmoja wa mwaka wa pili akanyoosha mkono na kuniuliza kwa upole kabisa: "Samahani kaka, wewe ulisikia toleo lipi? Maana ile gemu ya mwaka 1994 haina mtu anayeimba. Hakuna hata neno moja linalotamkwa."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, alisema tu, "Basi nenda kaisikilize ile ya kwanza, kisha uje utueleze."

Makala haya ndiyo maelezo niliyodaiwa. Gemu niliyokuwa nimeicheza ilikuwa imekwisha kutiwa kiraka na mashabiki. Muziki wake wa asili ulikuwa umeondolewa na mahali pake pakawekwa nyimbo zilizorekodiwa na okestra. Mimi sikujua. Nikampa mtunzi sifa ya jambo ambalo hakulifanya, tena nikajenga juu yake kurasa tano za nadharia. Kosa la namna hii linaweza kumpata yeyote kati yetu, kwa kuwa siku hizi gemu nyingi za zamani hutufikia kwa njia ya emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani ndani ya kompyuta, na si rahisi kujua ni mikono mingapi imekwisha kuzipitia. Kwa hiyo nakusudia kueleza mashine ile ilivyotoa sauti, mashabiki wanavyoibadilisha sauti hiyo, na mabadiliko hayo yanavyoigusa maana ya kazi yenyewe.

Mashine na mipaka yake

Final Fantasy VI ilitolewa Japani mwezi Aprili 1994, kwa ajili ya mashine ya Super Famicom, ambayo nje ya Japani inajulikana zaidi kwa jina la Super Nintendo. Ni gemu ya masimulizi: mchezaji anabeba nafsi za wahusika, anasafiri nao, anapigana kwa niaba yao, na anasoma mazungumzo yao kwenye kioo. Hadithi yake ni ndefu, ina wahusika wengi, na kila mhusika mkuu ana wimbo wake unaomtambulisha. Ndiyo maana nasema muziki humu ni sehemu ya usimulizi wenyewe, wala si pambo.

Sehemu ya sauti ya mashine hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Sony, na aliyeisanifu ni Ken Kutaragi, yule yule ambaye baadaye alikuja kuitwa baba wa PlayStation. Sehemu hii inafanya kazi kama kompyuta ndogo inayojitegemea. Ina kumbukumbu yake ya kilobaiti 64, na inaweza kutoa sauti nane kwa wakati mmoja. Nane tu, basi. Upanga ukilia vitani, mlio wake nao unahitaji nafasi katika hizo nane, na ala mojawapo ya wimbo inaweza kunyamazishwa kidogo ili kuupisha.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mashine hii haichezi wimbo uliorekodiwa, kama inavyofanya kaseti ya redio. Inahifadhi vipande vifupi sana vya milio ya ala, halafu inapewa maagizo: piga filimbi noti hii kwa muda huu, piga ngoma hapa, ongeza sauti pale. Vipande hivyo navyo vimebanwa. Vipimo 16 vya sauti, ambavyo kwa kawaida vingehitaji baiti 32, vinawekwa katika baiti 9. Hata mwangwi unalipiwa. Kila milisekunde 16 za mwangwi zinakula kilobaiti 2 katika zile 64, kwa hiyo mwangwi mrefu kuliko wote unaowezekana, wa milisekunde 240, unameza kilobaiti 30, karibu nusu ya kumbukumbu yote. Mtunzi akitaka ukumbi wake usikike mpana, inambidi apunguze ala. Akitaka ala nyingi, ukumbi unasinyaa.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Sekunde moja ya muziki wa kiwango cha CD inahitaji baiti 176,400. Kumbukumbu ya sauti ya mashine hii isingetosha hata nusu sekunde ya muziki huo. Kaseti nzima ya Final Fantasy VI, pamoja na picha, ramani, maneno na kila kitu, ina megabaiti 3. Ingejazwa sauti ya CD peke yake, isingefikisha sekunde 18. Sasa jiulize, ndugu msomaji, mtu angemwimbisha vipi mwimbaji wa opera humo? Alichokifanya Uematsu ni kutumia mlio mfupi unaofanana na koo la mtu na kuupandisha na kuushusha kufuata tuni. Unasikia sauti inayopanda, inayotetemeka, inayolia, lakini haitamki neno.

Viraka vya aina mbili

Neno kiraka hapa lina maana ile ile ya kwenye nguo. Ni faili dogo linaloandika tofauti tu iliyopo kati ya gemu ya asili na gemu iliyorekebishwa. Mwenye gemu analibandika juu yake kwa kutumia programu maalumu. Mashabiki wamechagua njia hii ili wasisambaze gemu yenyewe, ambayo ni mali ya kampuni. Viraka vya sauti vipo vya namna nyingi, lakini kwa shughuli yetu ya uhakiki naona inatosha kuvigawa katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la kurejesha. Mwaka 2006 Final Fantasy VI ilitolewa tena Japani kwa ajili ya Game Boy Advance, mashine ndogo ya kushika mkononi, na mwaka uliofuata ikafika Marekani na Ulaya. Tafsiri yake ya Kiingereza ilikuwa mpya, na kulikuwa na sehemu za ziada za kucheza. Lakini muziki ulilegea. Mashine hiyo ndogo haikuwa na sehemu ya sauti kama ile ya Sony. Kichakataji kikuu ndicho kilichobebeshwa kazi ya kuchanganya milio, huku kikiendesha pia gemu yenyewe, na sauti ilitoka kwa ubora wa chini zaidi. Mashabiki wakatengeneza kiraka cha kuurejesha muziki karibu na ulivyokuwa mwaka 1994, kwa kubadilisha milio ya ala na kurekebisha maagizo yake.

Kundi la pili ni la kubadilisha. Hapa kifaa mashuhuri ni kile kinachoitwa MSU-1. Nintendo haikuwahi kukitengeneza. Kilibuniwa na mtunzi wa emuleta ya bsnes, aliyejulikana kwa jina la byuu, na baadaye kikawezeshwa pia katika kaseti za kisasa zinazochomekwa kwenye mashine halisi. Kinaipa Super Nintendo uwezo wa kusoma mafaili makubwa ya nje na kupiga muziki wa stirio wa kiwango cha CD. Historia yake ina kejeli ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nintendo na Sony walikuwa na mpango wa kuipatia mashine hii kisomeo cha CD. Mpango ukavunjika, Sony wakaenda zao na kutoa PlayStation mwezi Desemba 1994. Mashabiki wameipa mashine ya zamani kitu ambacho wenyewe waliahidi na hawakukileta.

Utendaji wake si mgumu kuuelewa. Gemu inapotoa amri ya kupiga wimbo fulani, kiraka kinaidaka amri hiyo njiani na kuielekeza kwenye faili lenye namba inayolingana na wimbo huo. Mwanzoni mwa kila faili huandikwa mahali ambapo wimbo utarudia ukifika mwisho, maana muziki wa gemu hauna budi kuzunguka hadi mchezaji aondoke mahali alipo. Faili likikosekana, kiraka kilichotengenezwa vizuri kinairudishia chipu kazi yake, na muziki wa zamani unaendelea kama kawaida. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na gemu ambayo nusu ya nyimbo zake ni za okestra na nusu ni za chipu, na wala asijue mpaka uko wapi. Nasema haya kwa uchungu, maana mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunaweza kuyaelewa makundi haya kwa zana tulizonazo. Mwenye kurejesha anafanana na mhariri wa miswada anayelinganisha nakala ili aifikie ile ya awali. Mwenye kubadilisha anafanana na mtu anayelichukua shairi lile lile, beti zile zile, na kulitia mahadhi mengine. Lakini tusije tukadhani kwamba wa kwanza hana mkono. Game Boy Advance haiwezi kuwa Super Nintendo hata ukiibembeleza namna gani. Anayerejesha inambidi aamue ni mlio upi auokoe kwanza na upi auache. Huko kuamua nako ni kuhakiki.

Celes jukwaani

Sasa tuje kwenye onyesho lenyewe. Kwa asiyeijua hadithi: wahusika wetu wanahitaji chombo cha kuruka angani, na chombo hicho ni cha mcheza kamari aitwaye Setzer. Setzer ametangaza kwamba atamteka Maria, mwimbaji nyota wa jumba la opera. Inaonekana kwamba Celes, aliyekuwa jenerali wa jeshi la Dola kabla ya kuliasi, anafanana sana na Maria. Wenzake wanapanga apande jukwaani badala ya Maria, atekwe yeye, na kwa njia hiyo wakifikie chombo. Celes anakataa kwanza. Yeye ni jenerali, opera anaijulia wapi? Mwisho anakubali.

Hapo mchezaji anapewa kazi ambayo sijaiona mara nyingi katika gemu nyingine. Anasoma maneno ya wimbo kwenye chumba cha kujiandalia, kisha jukwaani anatakiwa kuchagua mstari unaofuata kati ya mistari anayoonyeshwa. Akikosea, onyesho linavurugika. Akipatia, Celes anaimba wimbo wa mwanamke anayemngoja mpenzi wake Draco aliyekwenda vitani, anakifuata kivuli chake, anachukua shada la maua, anapanda juu ya mnara na kulirusha angani.

Niliporudi kuicheza ile ya mwaka 1994, usiku, chumbani, mwenzangu wa kitanda cha juu aliinama akauliza, "Hiyo redio imeharibika?" Sikumlaumu. Kwa mtu aliyekuwa amezoea okestra iliyokuwa ikisikika pale chumbani muhula mzima, sauti hii ilikuwa ni kama mbu aliyefundishwa solfa. Lakini hakurudi kulala. Alibaki ameinama hivyo hivyo hadi Celes aliporusha maua, kisha akauliza, "Anasema nini huyo?" Nikamjibu hasemi, maneno yako pale chini, soma.

Swali lake ndilo lililonifungua macho. Katika toleo la mwaka 1994 wimbo umegawanyika vipande viwili. Maneno yapo, lakini ni maandishi yasiyo na sauti. Sauti ipo, lakini haina maneno. Anayeviunganisha ni mchezaji, kichwani mwake, na ameyakariri maneno yale dakika chache tu zilizopita, kama Celes mwenyewe. Katika taaluma ya fasihi simulizi tumefundishwa kwamba hadhira si mtazamaji tu, hushiriki katika kuikamilisha kazi. Ni vigumu kupata mfano ulio bayana kuliko huu: hadhira inaachiwa kazi ya kumtamkia mwimbaji.

Tena ni sauti isiyo ya mtu yeyote. Celes si Maria. Anaigiza kuwa Maria, ambaye naye anaigiza mwanamke wa hadithi. Mashine isiyojua kuimba inamwigiza mwimbaji, kwa ajili ya mwanajeshi asiyejua kuimba. Sisemi Uematsu alikaa chini akapanga hivyo. Alikuwa na kilobaiti 64, akafanya alichoweza. Lakini mhakiki husoma matini iliyopo mbele yake, na katika matini hii ufinyu wa mashine umeingia katika maana.

Katika gemu yangu yenye kiraka mambo yalikuwa tofauti. Sauti niliyoisikia ilitoka katika albamu ya Final Fantasy VI: Grand Finale ya mwaka huo huo wa 1994, iliyopigwa na okestra ya Milano, ambamo wimbo huu unaimbwa kwa Kiitalia na mwimbaji wa opera, Svetla Krasteva. Ni wimbo mzuri, sikatai. Ila unaposikia koo lile lililofunzwa kwa miaka, huwezi tena kuamini kwamba anayeimba ni jenerali aliyesoma karatasi dakika tano kabla ya pazia kufunguliwa. Celes ametoweka, amebaki Maria. Tena mchezaji anasoma Kiingereza chini huku akisikia Kiitalia juu, kwa hiyo hana nafasi ya kuyatamka maneno kichwani. Amekwisha kutamkiwa, na kwa lugha nyingine. Ile hali ya ugeni niliyoieleza katika kurasa zangu tano ipo kweli. Kosa langu lilikuwa kumtaja asiyehusika. Aliyeiumba hali hiyo ni shabiki aliyechagua wimbo ule na kuuweka pale.

Wala kazi ya shabiki huyo haikuwa ya kubandika tu. Matukio ya onyesho yamefungamanishwa na muziki: mistari inapojitokeza, Celes anapogeuka, anapopanda ngazi. Wimbo uliorekodiwa Milano haukupimwa kwa hatua hizo. Atengenezaye kiraka hana budi kuukata, kuunyoosha, kuugawa vipande, mpaka ulingane na miguu ya mhusika. Mtu hawezi kufanya hivyo bila kulisoma onyesho kwa makini kuliko wengi wetu tunavyosoma vitabu vya kozi.

Ubishi wa pande mbili

Wapo watakaosema: chipu ilikuwa gereza tu, mtunzi angekuwa na uwezo angeweka okestra na mwimbaji. Ushahidi wanao. Albamu ya Milano ilitoka mwaka ule ule wa gemu. Isitoshe, toleo la Pixel Remaster, lililotolewa mwezi Februari 2022 na ambalo upangaji wa muziki wake Uematsu aliusimamia mwenyewe, limewaweka waimbaji halisi katika onyesho hili, kwa lugha kadhaa. Kwa hiyo wenye mali wenyewe wamefanya kile walichofanya mashabiki.

Hoja hii ina uzito, lakini haimalizi jambo. Albamu ni kazi ya kukaa na kusikiliza. Onyesho la gemu ni kazi ya kutenda, na kinachofaa kwa moja si lazima kifae kwa nyingine. Pia ni vizuri kukumbuka kwamba mwezi Aprili 2023, Pixel Remaster ilipotolewa kwa mashine za Nintendo Switch na PlayStation 4, wenyewe waliweka nafasi ya kuchagua kati ya muziki uliopangwa upya na ule wa zamani. Kama ule wa zamani ungekuwa ni upungufu tu, ungerudishwa wa nini?

Upande wa pili wapo wanaosema kila kiraka ni uharibifu. Hawa nao nadhani wanapita kiasi. Mwaka 1994 gemu hii ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Ted Woolsey, na toleo la mwaka 2007 likatafsiriwa upya na Tom Slattery. Wapenzi wa gemu wamebishana sana juu ya tafsiri hizo mbili, nani kampa nani uhai, nani kakosea wapi. Hakuna anayedai kwamba ya pili imeifuta ya kwanza. Kwa nini basi sauti mbili zisilinganishwe kwa utulivu huo huo? Hatari iko mahali pengine: kwamba kiraka kinaweza kusahauliwa, faili likapita mkono hadi mkono, na siku moja mtu akasimama kwenye semina akidhani anamsoma Uematsu.

Hitimisho

Kutokana na yote haya napendekeza mambo matatu kwa wenzangu wanaotaka kuandika juu ya gemu, na nadhani idadi yao itaendelea kukua. Kwanza, tutaje toleo: mwaka, mashine, na kama kuna kiraka, kiraka gani na muziki umetoka wapi. Hatumruhusu mtu kunukuu riwaya bila kutaja chapa; kwa nini turuhusu hapa? Pili, tusikilize angalau matoleo mawili kabla ya kutoa hukumu juu ya muziki, kwa sababu mengine hayaonekani mpaka ulinganishe. Tatu, tuwahesabu watengenezaji wa viraka kuwa ni wasomaji na wafasiri wa kazi, wenye hoja zao, hata kama hoja hizo wameziandika kwa namba na mafaili badala ya insha. Tuwasifu wanapostahili, tuwakosoe wanapostahili, lakini tusiwachanganye na mtunzi.

Kuhusu Celes, msimamo wangu sasa ni huu: sauti ya mwaka 1994 ndiyo inayolitendea haki onyesho lile, kwa kuwa inamwachia mchezaji kazi ambayo mwimbaji wa kweli anaifuta. Ninajua wapo ambao hawatakubaliana nami, akiwemo yule kijana wa mwaka wa pili, ambaye nilipomweleza msimamo huu alitikisa kichwa akasema yeye anapenda ya Milano, na sababu zake anazo. Nimemwomba aziandike kwa ajili ya toleo lijalo. Mwalimu naye bado anazo karatasi zangu tano; amesema atazipa alama nikishabadilisha jina la aliyetenda.